Cheti cha ISO 14001: kinafaa kulipia? Angalia kwanza nani anakusukuma

Wadau, kila mara naona mtu anauliza kama hiki cheti cha mazingira cha ISO 14001 kina maana yoyote au ni karatasi tu ya kutundika mapokezi, na majibu mengi yanatoka kwa watu ambao hawajawahi kukaa nacho. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa maboksi na vifungashio, faili la mazingira liko mezani kwangu tangu tulipoanza maandalizi, tukakaguliwa, tukapewa cheti, na sasa tushapita ukaguzi wa kukihuisha, kwa hiyo ninachoandika hapa nakijua. Nakipa nyota 4 kati ya 5 kama kampuni yako ina kitu kinachoisukuma kweli, na nyota 2 kama haina. Najua ni tofauti kubwa kwa kitu kimoja ila ndivyo kilivyo, na sababu yake ndo nataka kuieleza kwa kirefu maana hapo ndipo pesa za watu zinapotea.

Kwanza tuelewane unanunua nini. ISO 14001 ni kiwango cha kimataifa cha namna kampuni inavyosimamia mambo yake ya mazingira. Toleo la kwanza lilitoka 1996, likarekebishwa 2004 na tena 2015, na vyeti vyake duniani vimeshapita laki 5. ISO wenyewe, yaani lile shirika la kimataifa la viwango, hawakagui mtu wala hawatoi cheti, wao wanaandika kiwango tu, halafu kampuni za ukaguzi ndo zinakuja kwako, unazilipa wewe, hatua ya kwanza wanaangalia makaratasi na kama mko tayari, hatua ya pili wanaingia kiwandani kabisa kuongea na watu. Ukipita unapewa cheti cha miaka 3, katikati wanarudi kila mwaka kuangalia kama bado mnafanya mlichosema, ikiisha miaka 3 mnakaguliwa upya.

Sasa hapa wengi wanapotea: kiwango chenyewe hakikwambii utoe moshi kiasi gani wala utumie lita ngapi za maji. Ndani yake hakuna hata namba moja ya uchafuzi. Kinachodai ni ujue shughuli zako zinagusa mazingira kwa njia gani, uzijue sheria zinazokuhusu na uzifuate, uweke malengo, upime, ujikague mwenyewe, viongozi wa juu wakae na matokeo mezani wayajadili, halafu mrekebishe palipolegea na mzunguko uanze tena. Malengo unajiwekea mwenyewe! Maana yake viwanda viwili, kimoja kichafu sana kimoja kisafi, vinaweza vyote kuwa na cheti hicho hicho na vyote viko halali kabisa. Ukishalielewa hilo utaona kwamba kila kitu kinategemea kampuni imeingia humo ikitafuta nini.

Sisi tulisukumwa na mteja. Mteja mkubwa, oda zetu nyingi zinatoka kwake, aliwaandikia wasambazaji wake wote kwamba ikifika muda fulani asiye na cheti cha mfumo wa mazingira asitegemee mkataba mpya. Bosi wetu habari za mazingira alikuwa anazisikia miaka na miaka, semina kaenda, vipeperushi kapewa, hakuna kilichosogea, ila ile barua ilisomwa asubuhi na kabla ya jioni mimi nishaitwa ofisini. Sisemi hivi kumsengenya, ni mtu anayelipa mishahara ya watu wengi na kila mwisho wa mwezi anapiga hesabu nani alipwe kwanza na nani aombwe avumilie, na kitu ambacho hakiingii kwenye zile hesabu hata kiwe kizuri namna gani kitasubiri. Barua ya mteja iliingia moja kwa moja kwenye hesabu.

Na wala sio kwetu tu. Mwaka 1999 Ford na General Motors waliwatangazia wasambazaji wao kwamba wanataka viwanda vyao viwe na ISO 14001 ndani ya miaka michache, na watengeneza vipuri ambao walikuwa hawana hata habari na hicho kiwango ikabidi waanze kukisoma. Walmart, wale wa maduka makubwa ya Marekani, nao 2017 wakaanzisha mpango wao wa Project Gigaton, lengo likiwa wasambazaji wao kwa pamoja wapunguze au waepushe tani bilioni 1 za gesi joto ifikapo 2030, na 2024 wakatangaza wamefika kabla ya muda. Namba zile wasambazaji wanaripoti wenyewe kwa hiyo mtu ana haki ya kuuliza maswali, lakini angalia nguvu iliyopo pale, duka moja likisema jambo maelfu ya viwanda vinaanza kusoma mita zao za umeme. Sheria ya nchi inaishia mpakani, masharti ya mteja yanavuka na kontena.

Kuna watafiti wawili, Pratima Bansal na Kendall Roth, mwaka 2000 walichapisha utafiti wao kwenye kampuni 53 za Uingereza na Japani wakiuliza swali hili hili la kwa nini kampuni zinageukia mazingira, wakapata sababu tatu: kutaka kushinda sokoni, kutaka kukubalika (na serikali, na majirani, na wateja), na tatu ni ile ya dhati, mtu anaona tu ni wajibu. Mimi nikiangalia kiwandani kwetu naona zote tatu zipo ila hazikuja siku moja. Ya kukubalika ndo ilifungua mlango, ya pesa ikafuata, na ile ya dhati imekuja polepole kwa watu ambao hata sikuwategemea, mmojawapo fundi wetu mkuu wa mitambo.

Ngoja nieleze ya pesa maana hapa ndo cheti kilipojilipia. Kile kiwango kinataka uorodheshe kila shughuli na inachokula na inachotoa, mashine kwa mashine. Tulipofika kwenye kompresa ya hewa, ile inayosukuma hewa kwenye mashine zote, nikaandika tu "umeme" nikataka kuendelea na kingine. Fundi, mzee wa makamo ambaye kaikuta ile kompresa na huenda akaiacha, akaniambia, "Mwanangu, njoo siku kiwanda kimezimwa nikuonyeshe kitu." Nikaenda. Mashine zote kimya, kompresa peke yake inawaka, inapumzika, inawaka tena. Inampa nani hewa wakati hakuna mashine inayofanya kazi? Tukasimama kimya chini ya mabomba, ukitega sikio unasikia ssss, huku ssss, kule ssss. Mzee akachukua maji ya sabuni na brashi akawa anapaka kwenye maungio na mapovu yanafumuka pale pale, tukazunguka ukumbi mzima tunafunga utepe mwekundu kila penye povu, mpaka tunamaliza bomba zima limejaa tepe. Wataalamu wa nishati wa serikali ya Marekani wanasema kiwandani hewa inayovuja inaweza kufika asilimia 20 mpaka 30 ya yote ambayo kompresa inazalisha, na mara nyingi dawa yake ni kukaza nati na kubadilisha mpira wa bei ndogo sana.

Yule mzee alikuwa anajua hayo miaka yote. Alishasema mara kadhaa akajibiwa subiri bajeti. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna fomu inayouliza, kuna mita tuliyoifunga kwenye laini ya kompresa peke yake, na kuna kikao ambacho mkurugenzi lazima akae aone ile namba kwa sababu mkaguzi atauliza kumbukumbu za kikao. Bili ya umeme ilipokuja imeshuka hakuna aliyehitaji tena kuhubiriwa. Na sasa fundi anazungukia mabomba bila kuambiwa, na vijana wake kawafundisha, na ukimpita anakwambia leo nimekuta mbili.

Kwa hiyo wanaosema mazingira ni gharama nawaelewa ila hawajakaa na mabomba yao. Hii wala si hoja mpya, kampuni ya 3M ya Marekani tangu 1975 ina mpango wake unaoitwa Pollution Prevention Pays, yaani kuzuia uchafu kunalipa, wafanyakazi wanapendekeza namna ya kubadilisha bidhaa au mashine ili taka zisizaliwe kabisa badala ya kuzisafisha baadaye. Uchafu unaotoka kiwandani ni malighafi uliyoinunua. Wino uliobaki kwenye pipa ulilipiwa, karatasi iliyokatwa pembeni ililipiwa, hewa inayovuja ililipiwa umeme.

Ila niwe mkweli, faida ya namna hii inaisha. Mwaka wa kwanza unaokota vilivyo chini, taa unabadilisha kuwa za LED, mivujo unaziba, mabaki ya karatasi unayatenganisha yanauzwa safi. Baada ya hapo unafika kwenye mambo magumu, kubadilisha boila, kubadilisha aina ya wino, kuachana na tina ya kusafishia rola, na hapo hesabu inarudisha pesa baada ya miaka mingi au hairudishi kabisa. Hapo ndo utaona kampuni zinaanza kuandika malengo mepesi, kwa mfano "kutoa elimu kwa wafanyakazi" au "kupunguza matumizi ya karatasi ofisini", kwenye kiwanda kinachochoma mafuta mazito! Na mkaguzi atapitisha, kwa sababu lengo lipo, limeandikwa, limepimwa, limefikiwa. Hii kwangu ndo kasoro kubwa kuliko zote za hiki cheti na nyota moja nimeitoa hapo. Kinakulazimisha utembee, hakikulazimishi ufike.

Panapohitajika kampuni ifike, nilichokiona ni kwamba sheria haina mbadala. Chukua Sony, mwisho wa 2001, msimu wa sikukuu ambao watu wananunua michezo kuliko wakati wowote, Uholanzi ilizuia PlayStation takriban milioni 1.3 kwa sababu nyaya zake zilikutwa na kadmiamu, metali yenye sumu, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Nyaya hizo Sony hawakuzitengeneza, zilitoka kwa wasambazaji. Baada ya pale wakaanzisha utaratibu wao wa kukagua na kuidhinisha wasambazaji kuhusu kemikali, na ukitaka kuwauzia lazima upite humo. Semina ngapi za uwajibikaji zingeleta hilo? Au DuPont, waliokuwa wakubwa kuliko wote kwenye kutengeneza zile gesi za CFC zilizokuwa zinatoboa tabaka la ozoni, miaka mingi walipinga wakisema ushahidi hautoshi, mkataba wa Montreal ukasainiwa 1987, na 1988 wenyewe wakatangaza wataacha kuzitengeneza. Sayansi ilikuwa imekomaa, ndiyo, lakini pia sheria ilikuwa inakuja kwa kila mtu kwa pamoja, na wao walikuwa na maabara ya kutengeneza mbadala, kwa hiyo soko la zamani likifungwa lile jipya nani angelishika? Sheria inayombana kila mtu inamwondolea mwema hofu ya kwamba mwenzake atauza bei ya chini kwa kuchafua.

Hilo la mwisho ndo linaniuma kuliko yote kwa kweli. Wapo wafanyabiashara wanaotaka kufanya vizuri, nimekaa nao kwenye mikutano, na kinachowazuia ni jirani anayemwaga maji machafu usiku na kushinda tenda kwa bei. Huyo mwema hahitaji motisha nyingine, anahitaji yule mwingine akamatwe.

Siku hizi Umoja wa Ulaya wameleta ile kodi ya mpakani ya hewa ya ukaa, CBAM, inayogusa saruji, chuma, alumini, mbolea, hidrojeni na umeme. Kuanzia Oktoba 2023 waagizaji walianza kuripoti na kuanzia 2026 ndo awamu ya kulipia imeanza. Matokeo yake kiwanda cha chuma kilichoko bara lingine kabisa, ambacho serikali yake haijawahi kukiuliza kitu, leo kinatafuta mtu wa kupima moshi wake kwa sababu mnunuzi anataka ile namba. Kama uko kwenye biashara hizo usikae ukisubiri, ingawa ujue ISO 14001 peke yake haitakupa hizo hesabu za kaboni, itakupa nidhamu ya kutunza data tu, hesabu zenyewe zina viwango vyake.

Turudi kwenye cheti. Kitu ambacho nilikipenda bila kutegemea ni orodha ya sheria. Kabla ya hapo ukiuliza kiwandani sheria gani za mazingira zinatuhusu utapata majibu matano kwa watu watano, vibali vingine viko kabatini kwa mhasibu, vingine viko kwa mtu alishaacha kazi. Kiwango kinakudai uziandike zote, kila moja na nani anawajibika nayo na inaisha lini, na mkaguzi anaifungua hiyo orodha anachagua mstari anasema nionyeshe. Hata kama hutaki cheti, jamani tengeneza hiyo orodha, inaokoa faini na inaokoa usingizi wa watu.

Kingine ni ukaguzi wenyewe kama umempata mkaguzi anayejua kazi. Wa kwetu hakukaa sana na faili langu, nililolipanga vizuri kabisa na vitenganishi vya rangi. Alienda kwa binti wa shifti anayesafisha rola akamuuliza, "Dada, hii tina ikimwagika hapa sasa hivi unafanya nini?" Binti akamwonyesha ndoo ya vumbi la mbao, akamwambia namwaga hili, nasubiri linywe, nazoa naweka kwenye pipa jekundu, siweki kwenye taka za kawaida. Mkaguzi akauliza kwa nini usisukumie kwenye mtaro maana uko karibu, akajibu, "Mtaro unaenda mtoni, na mtoni kuna watu." Hiyo "na mtoni kuna watu" haikuwa kwenye mafunzo yangu, mimi nilifundisha pipa jekundu tu. Kwangu lile jibu lilikuwa na thamani kuliko cheti chenyewe, na ndo ninamaanisha kwamba msukumo wa nje ukikaa ndani muda wa kutosha unageuka kuwa wa watu wenyewe.

Mfano mkubwa wa hilo duniani nadhani ni Ray Anderson, aliyeanzisha Interface ya Marekani inayotengeneza mazulia ya vipande. Mwaka 1994 wateja walikuwa wanawauliza wauzaji wake kampuni yenu inafanya nini kuhusu mazingira, na hawakuwa na jibu la maana. Akaanza kusoma ili apate cha kuwaambia watu wake, akaguswa kiasi kwamba mpaka anafariki 2011 hiyo ndo ilikuwa kazi ya maisha yake, kampuni ikajiwekea lengo la kufuta athari zake kwa mazingira ifikapo 2020, na ni biashara ya mazulia ambayo malighafi yake nyingi ni ya mafuta. Swali la mteja lilikuja kwanza, moyo ukafuata. Watu wanapenda kudharau motisha ya pesa kama vile ni unafiki, mimi siidharau hata kidogo, naiona ni mlango ambao watu wengi ndo wanaingilia.

Kinachonitia wasiwasi ni msukumo wa sifa peke yake. Septemba 2015 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliitangaza Volkswagen kwamba imeweka programu kwenye magari ya dizeli inayotambua gari linapopimwa na kupunguza moshi wakati huo tu, baadaye ikajulikana ni magari kama milioni 11 duniani, na mwezi huo huo faharasa ya Dow Jones Sustainability, ile inayopanga kampuni za soko la hisa kwa uendelevu, ilikuwa imeiweka kampuni hiyo kinara wa sekta ya magari kwa uendelevu! Wakaitoa Oktoba. Kashfa imewagharimu zaidi ya euro bilioni 30. Tuzo walikuwa nazo, ripoti nzuri walikuwa nazo. Kwa hiyo kama kampuni yako inataka cheti ili ikipige picha iweke kwenye tangazo, nyota 2 zangu ni kwa ajili yenu, mtalipa na hamtapata kitu, tena mjue hairuhusiwi kubandika nembo ya ISO kwenye bidhaa wala kuonyesha kana kwamba bidhaa ndo iliyothibitishwa, kilichothibitishwa ni mfumo wenu wa usimamizi.

Malalamiko mengine. Washauri! Soko limejaa watu wanaouza mafaili. Wa kwanza tuliyemwita alituletea mwongozo mnene, nikausoma usiku nikakuta mahali pameandikwa kuhusu matangi ya kuchanganyia rangi za nyumba, sisi hatuna tangi la rangi hata moja, lilikuwa faili la kiwanda kingine limebadilishwa jina. Tukaachana naye. Ushauri wangu kama kampuni ni ndogo mtafute mtu wenu wa ndani anayejua kiwanda, mpelekeni mafunzo, mtatumia muda mrefu zaidi ila mfumo utakuwa wenu. Na mkumbuke kampuni inayowakagua haitakiwi iwe ndo iliyowapa ushauri, akija mtu anakwambia nitakuandalia na kukupa cheti mwenyewe, mwambie asante hapana.

Makaratasi pia ni mengi kuliko inavyosemwa, ingawa toleo la 2015 limepunguza mambo ya kulazimisha taratibu kila kona. Na lipo lile tatizo la asili kwamba mkaguliwa ndo anamlipa mkaguzi, sioni dawa yake ya haraka, kinachosaidia kidogo ni kwamba wakaguzi wenyewe nao wanakaguliwa na mamlaka za ithibati, kwa hiyo kabla ya kusaini nao uliza nani kawapa ithibati.

Wengine wataniuliza kuhusu mbadala. EcoVadis, walioanza 2007 Ufaransa, wanakupa alama kati ya 0 na 100 kwa mazingira, wafanyakazi na haki za binadamu, maadili na manunuzi, na mara nyingi ni mteja mkubwa ndo anakutaka ujaze. Ni nafuu ya kuanzia lakini kazi yake kubwa ni nyaraka, hawaji kukaa na binti wa rola. B Corp ni kitu kingine, wale B Lab wa Marekani walioanza 2006, inaangalia kampuni nzima mpaka namna inavyoongozwa, ilikuwa ukifikisha alama 80 umepita, na 2025 wameachana na alama wakaweka masharti ya chini kwenye kila eneo. Mabadiliko hayo yalihitajika, maana mfumo wa alama ulikuwa unaruhusu uzuri wa upande mmoja kufunika ubaya wa upande mwingine, na Dr. Bronner's wa sabuni walitangaza kujitoa mwaka huo huo 2025 wakilalamika mlango umelegezwa kwa makampuni makubwa. Kwa mwenye biashara ambaye nia yake tayari ipo na anataka wateja wa kawaida waijue, B Corp inamfaa kuliko ISO. Kwa kiwanda kinachouzia viwanda vingine, ISO.

Ila ambacho ningependa kukiona kinaenea ni mikopo iliyofungwa na malengo. Philips 2017 walikubaliana na benki 16 mkopo wa euro bilioni 1 ambao riba yake inapanda au kushuka kufuatana na alama yao ya uendelevu. Na kuna Enel, kampuni ya umeme ya Italia, waliuza hatifungani zenye ahadi ya kupunguza hewa ya ukaa, lengo la 2023 wakalikosa, na riba ikapanda kwa asilimia 0.25 kama ilivyoandikwa kwenye mkataba. Hapo hakuna cha kujitetea kwenye ripoti yenye picha za miti, lengo umelikosa unalipa. Robo ya asilimia unaweza kuiona ndogo lakini kwa deni kubwa ni pesa inayomfanya mkurugenzi wa fedha amuulize mkurugenzi wa uzalishaji mambo ya moshi, na watu hao wawili wakianza kuongea kuhusu moshi mimi nina matumaini kuliko nikiona vyeti kumi ukutani. Kama benki zinazokopesha viwanda vidogo zingeweka kitu cha namna hiyo, hata punguzo dogo la riba kwa kiwanda kinachopima na kupunguza, fundi wetu asingesubiri miaka yote ile.

Kwa anayenunua kutoka kampuni yenye hiki cheti na anataka kujua kama ni cha kweli: usiangalie nembo, soma mstari wa upeo, ule unaosema cheti kinahusu kiwanda gani na shughuli gani, maana nimeshaona cheti cha makao makuu kinaonyeshwa na kampuni ambayo viwanda vyake vyote viko nje ya hicho cheti. Angalia tarehe. Kihakiki kwenye kanzidata ya IAF CertSearch. Halafu waombe malengo yao ya mwaka huu na matokeo ya mwaka jana kwa namba, umeme kwa tani ya bidhaa, maji kwa tani, taka kwa tani. Wakikupa ndani ya siku hiyo hiyo ujue wanayatumia, wakikwambia subiri tumuulize mshauri wetu, andika jina lao pembeni na umpigie anayefuata kwenye orodha yako.